Ngozi ya nakshi: upake rangi na finishi kwa mkono, kwa brashi ya hewa, au uchanganye?

Ukishamaliza kuchonga ngozi, kazi iliyobaki ni fupi kuliko ile uliyokwisha kuifanya, lakini ndiyo yenye hatari zaidi. Ua ulilolikandamiza jioni nzima linaweza kuharibiwa na sponji moja iliyobeba rangi nyingi, na rangi ikishazama ndani ya ngozi haitoki. Ndiyo maana wachongaji hawachoki kuulizana kuhusu brashi ya hewa, yaani kalamu inayopuliza rangi kwa nguvu ya hewa iliyokandamizwa. Ninunue, au sponji na brashi za kawaida zinatosha? Nikinunua, niitumie kwa rangi, kwa finishi (ule utando wa mwisho unaokinga kazi), au kwa vyote viwili?

Maswali hayo mawili, la rangi na la finishi, hayana budi kutenganishwa. Wengi huyajibu kwa mpigo mmoja: ama wanakuwa watu wa brashi ya hewa kwa kila kitu, ama wanaikataa kabisa. Kumbe chombo kinachofaa kwa rangi si lazima kifae kwa finishi. Nitalinganisha kwanza njia tatu za kufanya kazi, kisha aina tatu za finishi, maana unachopuliza kina uzito sawa na unachopulizia.

Neno moja kuhusu ngozi yenyewe. Nakshi hushika kwenye ngozi iliyotengenezwa kwa magome. Ngozi ya kromu, ile laini ya majaketi na makochi, ukiikandamiza inarudi ilivyokuwa. Kwa upande wetu magome yanayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni ya miwati, mti unaolimwa Njombe kwa ajili ya tanini, dutu ya magome inayotengeneza ngozi, tangu enzi za kuanzishwa kwa kampuni ya TANWAT mwaka 1949. Ngozi ya miwati ina wekundu wa mbali, na jua huuzidisha. Kwa mpaka rangi hilo si jambo dogo, kwa sababu rangi za ngozi za spiriti hupitisha mwanga: hazifuniki kilicho chini, zinachanganyika nacho. Bluu juu ya ngozi yenye wekundu hupoa na kuchafuka kidogo, na njano huvutwa kuelekea chungwa. Hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokuokoa na hilo. Jaribu rangi kwenye kipande kilichokatwa kutoka ngozi ileile, si kwenye kipande chochote kilichopo mezani.

Tutapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni muonekano wa nakshi: je, njia hii inaonyesha kina cha ulichochonga au inakizima? Cha pili, rangi inakaaje: imezama au imekaa juu, na ni sawasawa au ina mabaka? Cha tatu, gharama na vifaa, pamoja na umeme. Cha nne, afya yako na mahali unapofanyia kazi. Cha tano, kasi, na hapa kuna tofauti kubwa kati ya mkanda mmoja na mikanda thelathini. Cha sita, marekebisho pale mambo yanapoharibika.

Vigezo hivi havina uzito sawa kwa kila mtu. Anayefanya kazi sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, watoto wamelala chumba cha pili, kigezo cha nne kwake kinashinda vyote.

Njia ya kwanza: mkono mwanzo hadi mwisho

*Muonekano.* Mkono ndio unaofika chini kabisa ya nakshi. Brashi nyembamba yenye ncha inaweza kujaza usuli mweusi katikati ya majani mawili na kusimama palepale ukingo unapoanza, bila kuchafua jani. Mtindo wa Sheridan, uliopewa jina la mji mmoja wa jimbo la Wyoming, Marekani, na unaohusishwa sana na fundi matandiko Don King, unategemea hasa uwezo huo: mashina yanayojiviringa kwa miduara, maua yanayoachiwa rangi ya ngozi yenyewe au kuzeeshwa kidogo, na usuli mzito unaoyasukuma mbele. Pia ni mkono unaotia krimu ya kuzeesha, ile rangi nzito unayoisugua juu ya kazi yote kisha kuifuta, ibaki kwenye mifereji tu. Wenye mfuko mwembamba hufanya hivyo kwa polishi ya viatu ya kahawia, na kwa kazi isiyopigwa na mvua inapendeza.

Pale mkono unaposhindwa ni kwenye rangi inayofifia taratibu. Kutoka kahawia nzito ukingoni hadi rangi ya asali katikati, bila kuonekana mahali moja inapoishia na nyingine inapoanza, ni kazi ngumu kwa sponji. Inawezekana, lakini huitaka ngozi yenye unyevu kidogo na mkono wenye mazoea.

*Rangi inavyokaa.* Inazama. Sponji husukuma rangi ndani, na ukikwaruza mkanda baadaye hukutani mara moja na ngozi nyeupe. Gharama yake ni mabaka. Rangi ya spiriti hukauka upesi, na pale mpigo wa pili unapopanda juu ya wa kwanza panakuwa na mstari mweusi. Dawa yake ni kupunguza rangi, kupaka kwa mizunguko, na kufikia weusi unaoutaka kwa tabaka nyepesi tatu badala ya moja nzito. Rangi nyingi ya spiriti pia huikausha ngozi hadi ikawa ngumu, kwa hiyo mafuta ya kwato za ng'ombe kidogo, baada ya rangi kukauka, si anasa.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kuanzia. Sponji unaikata mwenyewe, pamba na fulana kuukuu zipo nyumbani. Lakini sponji hunywa rangi, na sehemu ya chupa uliyoinunua inaishia ndani yake. Umeme hauhitajiki.

*Afya na mahali.* Glavu, dirisha wazi, basi. Mvuke upo lakini hakuna ukungu wa rangi hewani.

*Kasi.* Kwa kitu kimoja hakuna inayoishinda: unafungua chupa, unapaka, unafunga. Kwa oda ya vitu vingi vya rangi moja, usawa unaanza kupotea kadiri mkono unavyochoka.

*Marekebisho.* Baka lililozama halitoki. Unaweza kulificha kwa kupaka kote rangi nzito zaidi, na hapo umeshabadilisha kazi.

Inamfaa anayechonga maua ya usuli mzito, anayeanza, na anayetengeneza vitu vichache kwa mteja mmoja mmoja.

Njia ya pili: brashi ya hewa mwanzo hadi mwisho

*Muonekano.* Kivuli ndicho kinachouzisha chombo hiki. Ukiwa na brashi ya kitufe kinachofanya kazi mbili, kukibonyeza kutoa hewa na kukivuta nyuma kutoa rangi, unaweza kupuliza giza jembamba kando ya petali na kuliacha lipotee lenyewe. Nakshi yenye kina cha milimita moja inaonekana kama ina tatu. Kuna mbinu nyingine ambayo hakuna sponji inayoiweza: ulaze brashi karibu na usawa wa ngozi na upulize kutoka upande mmoja. Rangi inapiga miinuko upande huo na kuruka mabonde, kama jua la saa kumi na moja jioni linavyopiga matuta. Kwa picha, yaani farasi, chui, sura ya mtu, milima, tofauti haina haja ya kuelezwa.

Ila brashi ya hewa haijui mpaka. Inapuliza kila kilicho mbele yake. Usuli mdogo katikati ya majani hauwezi kuupulizia bila kuchafua majani, isipokuwa uyafunike, na kufunika nakshi si sawa na kufunika bati la gari. Tepu ya karatasi haiingii kwenye mifereji, na ikiwa na gundi kali hunyanyua rangi ya chini au kuacha alama kwenye ngozi. Karatasi iliyokatwa umbo na kushikwa kwa mkono juu ya kazi mara nyingi inatosha, lakini ukingo unaopata ni laini, si mkali. Kwa kazi ya mtindo wa Sheridan, ukingo laini ni kasoro.

*Rangi inavyokaa.* Inakaa juu juu. Hilo husemwa kama lawama, lakini lina upande wake mzuri: ngozi hainywi spiriti nyingi, kwa hiyo inabaki laini, na rangi inatumika kidogo sana. Usawa ni mkubwa, bila mistari ya kupishana. Ubaya ni kwamba mkwaruzo mmoja unafichua ngozi. Kwa pochi ya mezani si neno. Kwa ala ya kisu inayoingizwa na kutolewa kila siku, ni neno.

Kinachowekwa kwenye kikombe nacho kinabadilisha matokeo. Rangi ya spiriti ni nyepesi, inapita kwenye sindano ya milimita 0.3 bila taabu kwa presha ya PSI 15 hadi 20. Ipulizie karibu. Ukisimama mbali, spiriti inakauka njiani na kinachotua ni vumbi la rangi linalofutika kwa kidole. Rangi ya akriliki ni nzito, inataka kuzimuliwa hadi iwe kama maziwa, presha ya PSI 25 hadi 30, na sindano pana kidogo. Akriliki ndiyo inayofunika wekundu wa ngozi ya miwati, kwa hiyo bluu inakuwa bluu. Lakini ikilundikwa inajaza michirizi midogo uliyoihangaikia, na mahali panapokunjwa inaweza kupasuka. Tabaka nyembamba za brashi ya hewa hupunguza tatizo hilo kuliko brashi ya nywele.

*Gharama.* Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Brashi yenyewe si ghali kupita kiasi. Kinachovuta mfuko ni hewa. Kompresa ndogo yenye tanki na kidhibiti presha ndiyo njia salama. Mafundi wenye akili ya gereji huunda yao kutokana na kompresa ya friji mbovu: haina kelele, na hewa yake inatosha brashi ndogo. Ikiwa utaifuata, fahamu kwamba inatema mafuta kidogo pamoja na hewa, na tone moja la mafuta juu ya ngozi ambayo haijapakwa ni doa la kudumu. Chujio si hiari, na tanki unaloliunganisha liwe na valvu ya usalama. Kwa asiye na umeme wa uhakika kuna hila ya zamani: tairi la akiba lililojazwa kituo cha mafuta, na kiunganishi cha kuchukua hewa kutoka kwenye valvu yake. Litakupa muda wa kazi ndogo kabla presha haijaanguka.

Ukanda wa pwani una gharama yake nyingine. Hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar imejaa maji, na kompresa ikiikandamiza, maji hayo yanatoka kama matone kwenye mpira na kutemewa juu ya kazi. Mtego wa maji karibu na brashi unamaliza shida hiyo, mradi unakumbuka kuumwaga.

*Afya na mahali.* Kigezo hiki ndicho dhaifu zaidi kwa njia hii, na sitakipamba. Unageuza spiriti na rangi kuwa ukungu, kisha unasimama ndani yake. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Barakoa ya kuzuia vumbi inakamata matone lakini si mvuke. Inayotakiwa ni ile yenye vikopo vya kuchuja mvuke wa kemikali. Feni ya kutoa hewa nje, au kazi ifanyiwe barazani mahali pasipo na upepo mkali. Ukungu wa spiriti unashika moto: jiko, sigara na swichi inayocheza cheche viwe mbali. Kama huna pa kupulizia zaidi ya chumba unacholala, jibu lako limeshapatikana na huna haja ya vigezo vinavyofuata.

*Kasi.* Kwa wingi inatisha. Panga mikanda thelathini sambamba, puliza rangi moja yote, rudi mwanzo. Kwa kitu kimoja chenye rangi tano, kusafisha kikombe na sindano baina ya rangi kunaweza kula muda kuliko kupuliza kwenyewe. Watu hawakuelezi hili wakati wanakuonyesha video za farasi.

*Marekebisho.* Afadhali kidogo kuliko sponji, kwa kuwa unajenga rangi polepole na unaliona kosa likiwa bado jepesi. Brashi ikitema tone katikati ya kazi, hata hivyo, ni yaleyale.

Inamfaa mchora picha kwenye ngozi, anayetengeneza mikanda ya gitaa na ala zenye kingo zinazofifia, na karakana yenye oda za kurudiarudia.

Njia ya tatu: mkono kwa rangi, brashi ya hewa kwa kivuli na finishi

Hii ndiyo inayosahaulika, na mimi naiona ndiyo sababu bora ya mchongaji wa maua kununua brashi ya hewa.

*Muonekano.* Unapata ukingo mkali wa ncha ya brashi kwenye usuli, halafu kivuli laini juu ya petali. Sharti ni mpangilio: usuli kwanza kwa mkono, kivuli baadaye. Ukianza na kivuli, brashi ya nywele yenye spiriti itakiyeyusha ukiigusa nayo.

*Rangi inavyokaa.* Rangi ya msingi imezama, kivuli kimekaa juu. Na hapa ndipo siri ya finishi ilipo. Rangi ya spiriti, hata ikikauka, ina chembe ambazo hazikushika. Ukipitisha sponji yenye finishi ya maji, chembe hizo zinanyanyuka na kuburutwa, na usuli mweusi unapaka masizi kwenye ua jeupe. Kila aliyechonga kwa muda amewahi kuliona. Finishi ikipulizwa, hakuna kinachosugua. Inatua, inakauka, inafunga rangi palepale. Tabaka za kwanza mbili zikishapita kwa brashi ya hewa, zile zinazofuata hata ukipaka kwa sponji hazichezei rangi tena.

Hii haikuruhusu kuruka hatua ya kufuta. Rangi ikikauka kabisa, sugua kazi kwa tambara kavu safi hadi tambara litoke bila rangi. Finishi inayopulizwa juu ya chembe zilizolegea inaweza kuonekana safi mezani, kisha mkanda ukaacha mstari wa kahawia kwenye kanzu nyeupe Ijumaa ya kwanza.

*Gharama.* Sawa na ya pili kwa vifaa, ila unaweza kuridhika na brashi rahisi zaidi. Kwa finishi tupu huhitaji kitufe cha kazi mbili wala sindano nyembamba. Sindano ya milimita 0.5 inafaa zaidi.

*Afya na mahali.* Ukichagua finishi ya maji, mzigo unapungua sana, maana spiriti haipulizwi ila kwenye kivuli kidogo. Ukungu wa akriliki bado si wa kuvuta puani.

*Kasi.* Iko katikati. Usafishaji ni mmoja au miwili kwa siku badala ya baada ya kila rangi.

*Marekebisho.* Ina nafasi moja ya ziada. Ukipuliza tabaka nyembamba ya finishi baada ya rangi ya msingi, kivuli kitakachofuata kinakaa juu ya utando huo, na kikikosewa, mara nyingi kinafutika kabla hakijakauka.

Inamfaa mwenye mkono uliokomaa kwa brashi ndogo ambaye shida yake ni finishi inayoburuta rangi. Haimfai anayetarajia chombo kimoja kimfanyie yote.

Finishi: unapuliza nini?

Vigezo vya hapa ni vichache: inaonekanaje, inakinga nini, inapakwaje.

Finishi ya akriliki ya maji ndiyo inayotumika zaidi. Resolene ya Fiebing's, kampuni ya Milwaukee iliyoanza mwaka 1895, ndiyo jina utakalolisikia mara nyingi. Muonekano wake ni wa kung'aa, na ukiipunguza nusu kwa nusu na maji inatulia. Inakinga vizuri dhidi ya maji na rangi kuhama. Kwa sponji huleta mapovu na mistari, na mapovu yanayokauka ndani ya nakshi hayaondoki. Kwa brashi ya hewa inatoka safi, tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Tabaka moja iliyopulizwa ni nyembamba kuliko iliyopakwa kwa sponji, kwa hiyo usiishie mbili ukadhani umemaliza. Ikikaukia kwenye sindano imegeuka plastiki: mwaga maji yapite mara tu unapoweka chombo chini.

Laka ndiyo finishi ya wachongaji wa zamani wa Marekani, na bado haijapata mpinzani kwa kazi moja: kuwa kizuizi kabla ya krimu ya kuzeesha. Unapaka laka juu ya rangi, inakauka, kisha unasugua krimu. Inaingia kwenye mifereji na kufutika juu ya maua bila kuyatia giza. Inang'aa kwa uzuri, na maji hayaipenyi kirahisi. Lakini hugeuka njano kwa miaka, na mahali panapokunjwa sana hupasuka. Inapulizika vizuri ikizimuliwa kwa thina yake, na mvuke wake ni mkali kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Bila barakoa ya vikopo na hewa ya kutosha, ipake kwa kipande cha sufu na uachane na kuipuliza. Tena kwenye unyevu mwingi hufanya ukungu mweupe: thina ikikauka haraka inapoza uso, mvuke wa maji wa hewani unageuka matone juu yake. Mafundi wa pwani wangoje mchana mkavu.

Nta, ya nyuki au ya mimea, haiko kwenye mashindano ya brashi ya hewa, kwa kuwa haipulizwi, inasuguliwa. Muonekano ni wa ngozi hasa, si wa plastiki. Inaiacha ngozi ikunjike na ipumue, na ikichakaa mwenye mkoba anaipaka tena mwenyewe. Kinga yake dhidi ya mvua na jasho ni ndogo, na peke yake haizuii rangi kuhama. Kusugua nta juu ya rangi ya spiriti isiyofungwa ni kurudi kwenye lile tatizo la kuburuta. Juu ya tabaka mbili za akriliki iliyopulizwa, kwa upande mwingine, nta inaondoa ile sura ya plastiki, na huo ni mwisho ninaoupenda kwa mikoba.

Kulingana na hali yako

Ndiyo kwanza unaanza, na bado unajifunza kukandamiza kingo: baki na mkono. Nunua ngozi nzuri na brashi mbili zenye ncha kwa pesa ambayo ungenunulia kompresa. Kwa finishi: akriliki iliyopunguzwa, sponji iliyokamuliwa vizuri, mpigo mwepesi bila kurudia mahali pamoja.

Unachonga maua, mkono wako ni imara, na kila mara finishi inaharibu kazi: njia ya tatu. Anza na brashi rahisi kwa finishi tu. Kivuli kitakuja baadaye ukiona hamu.

Unachora wanyama na sura za watu: ya pili, na usibane matumizi kwenye brashi yenyewe. Utahitaji kitufe cha kazi mbili na sindano nyembamba. Akriliki kwa rangi zinazotakiwa kufunika, spiriti kwa vivuli.

Unapata oda za mikanda au vishikio vya funguo kwa wingi: ya pili kwa rangi ya msingi, lakini pitisha kwanza sponji kwenye kingo na mahali panaposuguliwa na bizimu, ili mkwaruzo usifichue ngozi.

Unatengeneza kandambili na viatu vya wazi: mkono, rangi izame. Mguu una jasho, vumbi na maji ya kuoshea, na rangi iliyokaa juu juu haidumu kwenye unyayo. Upande unaogusa mguu ni bora ubaki bila rangi kabisa, upakwe mafuta na nta.

Unafanyia kazi chumbani, hakuna baraza wala feni: mkono kwa rangi, na finishi ya maji kwa sponji. Ukitaka sana brashi ya hewa, ipeleke kwa rafiki mwenye gereji siku moja kwa wiki na umpelekee kazi zilizokusanyika.

Tayari una kompresa kwa ajili ya shughuli nyingine, rangi ya magari au samani: hewa umeshailipia, kwa hiyo brashi ni gharama ndogo. Weka kidhibiti presha kingine cha kushusha, kwa sababu presha ya kupulizia mlango wa gari itarusha rangi ya ngozi hadi ukutani, na tumia mpira wa hewa ambao haujawahi kupitisha mafuta ya kulainishia vifaa vya hewa.